Mswaki wa Nne

Mswaki wa nne aliukuta Jumatatu, jua halijachomoza, ukiwa umelowa.

Alikuwa ametoka na ndoo kunawa uso nyuma ya nyumba, pale kwenye sakafu ya saruji penye karai, ambapo ukutani palikuwa na rafu ya ubao ya kuwekea miswaki. Rafuni mlikuwa na vikombe viwili. Kimoja cha bati, cha watu watatu wa nyumba ile: mume wake, yeye mwenyewe, na binti yao. Cha pili cha plastiki ya kijani, mkono umekatika, kilikuwa cha mama mkwe wake, na mama mkwe alikuwa ametimiza miezi miwili kaburini. Hakuna aliyekuwa amekiondoa. Mume alipita pale kila siku akijifanya hakioni, na mwanamke, tuseme ukweli, alikuwa anakiogopa. Sasa asubuhi ile, ndani ya kikombe cha kijani, mlikuwa na mswaki. Mti mbichi, nyuzi zimefumuka, maji bado yanachuruzika.

Angekuwa mtu mwingine angesema, ah, mtoto huyo. Lakini mwanamke huyu kazi yake ilikuwa kukata na kuuza miswaki, na mkata miswaki huusoma mswaki uliotafunwa kama fundi nguo anavyousoma mshono. Aliuinua kwa ncha za vidole. Ulikuwa umetafuniwa upande wa kushoto tu, nyuzi zimelala mshazari. Tena ulikuwa umewekwa nyuzi zikielekea ukutani. Watu wengine wote huutumbukiza tu, mradi umeingia kikombeni. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akitafunia kushoto, kwa kuwa magego yake ya kulia yalikwisha ng'oka zamani, na ndiye aliyekuwa akizigeuzia nyuzi ukutani, akisema kilichotoka kinywani mwako ni siri yako. Na mtu huyo walimzika.

Aliutupa ule mswaki jalalani, akanawa mikono mara tatu, akaingia ndani kukoroga uji. Hakumwambia mtu.

Sokoni walimwita Mama Miswaki, na jina lilimkaa. Genge lake lilikuwa mlangoni kabisa, mtu akiingia sokoni lazima amkute na akitoka lazima amkute. Alikuwa na miswaki ya mwarobaini mafungu mafungu, unga wa kusugulia wa majani makavu yaliyotwangwa na chumvi, na vichupa vya mafuta ya karafuu visivyozidi kidole gumba. Ulimi alikuwa nao. Aliwaeleza watu kwamba uchungu wa ule mti ndio kazi yenyewe, unakatisha tamaa uchafu usishike menoni, na karafuu hutuliza ufizi. Mungu ametuwekea duka la dawa mtini, alisema, halafu sisi tunakwenda kupanga foleni. Akifika kwenye neno foleni alinyoosha kidevu ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la zahanati, nje ya chumba cha meno, ambapo wagonjwa walikaa wameshika mashavu. Wale wote niliwaambia, alimalizia. Watu walicheka, hata wa kwenye benchi, wale waliokuwa bado wanaweza kucheka.

Lakini silaha yake kubwa ilikuwa Punje. Huyo ndiye binti yake, miaka tisa, na jina hilo alipewa na bibi yake kwa namna meno yalivyojipanga kama punje za hindi changa. Akitoka shule alipitia gengeni na begi lake mgongoni. Mama yake alimsimamisha mbele ya wateja, akasimama nyuma yake, akamwekea mikono mabegani.

"Fungua kinywa, mwanangu."

Punje alifungua. Wateja waliinama, wakachungulia, wakasema lo. Baba yake, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora vibao vya maduka, alikichora kinywa hicho hicho kwenye ubao juu ya genge, midomo myekundu, meno meupe, ukubwa wa beseni. Watu walimpenda mtoto, na wakimpenda walimpa pipi. Mama hakukataa, tena aliigeuza kuwa tangazo: meno haya hata pipi hayaiogopi. Basi mtoto akaimumunya palepale, mbele za watu, ili ushahidi ukamilike. Mbili kwa siku, siku nyingine nne. Kila mtu alikuwa akicheka na hakuna aliyeona kichekesho kiko wapi.

Mama mkwe, enzi za uhai wake, hakuwa mtu wa matangazo. Yeye ndiye aliyeuanzisha ule mradi na yeye ndiye aliyeupanda mwarobaini wa nyuma ya nyumba. Alikuwa na sheria moja. Mswaki uliokatwa asubuhi unauzwa leo na kesho. Ukifika siku ya tatu ni kuni. Ukikauka unakwaruza fizi, ukiulowesha uchungu wake unabaki kwenye maji, na umemuuzia mtu kijiti. Baada ya mazishi, mkwe aliitunza sheria hiyo wiki mbili. Wiki ya tatu alianza kuloweka. Miswaki ya siku tano aliilaza kwenye maji yenye matone ya mafuta ya karafuu, ikaamka inang'aa na inanukia kuliko mibichi. Wateja walisifu harufu. Aliyejua ni yeye peke yake, au ndivyo alivyodhani mpaka asubuhi ya Jumatatu ile.

Jumanne mswaki ulikuwapo. Jumatano ulikuwapo, na hapo akamweleza mumewe.

Mume alikuwa anaosha brashi zake kwa mafuta ya taa. Alicheka kidogo. Alisema mama yake alikuwa mtu wa kuamka mapema, hata huko aliko asingekubali kulala mpaka jua limchome. Kisha kwa utani akaongeza kwamba pengine amesikia mkwewe siku hizi anauza maji ya karafuu. Alisema hivyo bila kuinua macho, na mwanamke akashindwa kujua kama ni utani au mtu ameona. Mume akaendelea kwamba huyo si mwingine ila Punje, amwulize.

Akamwita mtoto, akamwuliza kama anakitumia kikombe cha bibi. Punje alitikisa kichwa haraka, kinywa kimefungwa. Chumba alicholala kilikuwa kile kile alicholala na bibi yake tangu aachishwe ziwa, kitanda kile kile, na mlango wake ulitokea uani. Hayo yote mama aliyajua. Lakini mtu akishaamua anaogopa nini, huwa haoni kingine.

Alhamisi mume akaondoka. Alikuwa amepata kazi ya kuchora kuta za shule katika mji mwingine, wiki mbili, na kazi za namna hiyo hazikataliwi. Nyumba ikabaki na wawili, na kikombe.

Siku hiyo hiyo, akiwa anapanga vichupa gengeni, mwanamke akakumbuka jambo alilokuwa ameliweka mbali. Wiki ya mwisho ya ugonjwa, mama mkwe aliomba mafuta ya karafuu. Fizi zilimwaka moto, aliomba tone moja tu kwenye pamba. Yeye alikuwa mlangoni, kikapu kichwani, na vichupa sita vilivyobaki vilikwisha ahidiwa mteja. Akajibu kwamba mafuta ni ya biashara, asubiri yapatikane mengine.

"Haya, mwanangu," mama mkwe alisema.

Hakuomba tena. Siku ya tatu akafa. Mafuta aliyoyatengeneza mwenyewe miaka thelathini, akanyimwa tone. Lile neno haya lilikuwa limekaa mahali ndani ya mkwe wake likisubiri siku yake, na siku ndiyo hiyo.

Jioni alikata mswaki mbichi kwenye mti, akauweka ndani ya kikombe cha kijani. Kando yake akaweka kichupa kilichojaa hadi shingoni, na pamba.

"Mama, nisamehe," aliuambia ukuta. "Haya hapa. Chukua unachotaka."

Alfajiri aliamka kabla ya jogoo. Dirisha lake lilikuwa hatua nne kutoka pale kwenye rafu. Mlango haukulia, geti halikulia, ila alisikia mtu anatafuna. Polepole. Kra, kra, kisha kimya, kisha kra tena, na katikati ya kutafuna mguno mdogo, kama wa mtu anayekandwa penye kidonda. Mama mkwe alikuwa akiguna hivyo hivyo. Mwanamke alivuta shuka mpaka juu ya kichwa na kubana masikio kwa viganja.

Kulipopambazuka alitoka. Mafuta yalikuwa yamepungua upana wa ukucha. Pamba haikuwapo. Mswaki umelowa, umetafuniwa kushoto, nyuzi zimetazama ukutani. Aliogopa, ndiyo, akashika ukuta. Lakini tusimsingizie, chini ya hofu kulikuwa na faraja. Marehemu alikuwa amepokea.

Basi ikawa ndiyo kawaida. Kila jioni aliweka, kila asubuhi alikuta yametumika. Aliyesamehewa hupungukiwa deni; yeye kila siku mafuta yalikuwa yanapungua zaidi, kwanza ukucha, kisha kucha mbili, kisha nusu ya kichupa. Alifikiri, kumbe nilimuumiza kiasi hiki.

Na mtoto je? Mtoto alikuwa akinywa uji ameinamisha kichwa upande. Mkate aliuchovya mpaka ukawa rojo. Alinukia karafuu, lakini katika nyumba ile hata mito ilinukia karafuu. Jumatatu gengeni, mama alipomwambia fungua kinywa, alikifungua nusu. Mteja mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akasema wamemwambia ni meno ya ajabu, mbona anaoneshwa midomo. Wengine wakacheka. Mama aliona aibu, akamfinya bega mtoto.

"Fungua vizuri, usinitie haya."

Punje akafungua yote. Machozi yalimjaa, yakashuka. Mama hakuyaona kwa sababu alikuwa nyuma yake, akitazama nyuso za wateja.

Jumatano shavu la kulia lilikuwa limevimba.

Wa kwanza kulisema ni fundi cherehani, jirani yake gengeni, mwanamke mnene asiyejua kuzunguka maneno. Aliacha kukanyaga mashine, akamtazama Punje, akasema huyu mtoto ana jino. Mama Miswaki akajibu jino gani, labda mdudu amemng'ata usiku. Fundi cherehani akasema mdudu gani anang'ata kwa ndani. Akaonesha ng'ambo kwa mkasi wake: zahanati ile pale, hatua thelathini, aende naye sasa hivi, atamtazamia genge.

Alitazama ng'ambo. Benchini walikuwa watu saba. Wa tatu kutoka mwisho alikuwa mchukuzi wa magunia, ambaye wiki iliyopita tu alimtania mbele ya soko zima kwamba anaona uvivu kutafuna mti ila haoni uvivu kutafuna foleni. Kupita mbele ya watu wale, akiwa amemshika mkono Punje, chini ya ule ubao wenye kinywa cha Punje. Hatua thelathini zilikuwa safari ndefu.

"Mganga hajigangi, dada, tunajua," fundi cherehani alisema, sauti ameipunguza. "Ndiyo maana hupelekwa kwa mwenzake."

Akajibu kesho.

Nyumbani mtoto alikuwa wa moto. Mama akamwuliza wapi panauma, na Punje, ambaye miaka yote aliambiwa kwamba yeye haumwi meno, akafunika shavu kwa kiganja na kusema ni sikio. Mama alishukuru sana kusikia ni sikio. Sikio halina aibu. Alimpa kidonge cha homa na kumlaza. Lakini moyoni hakuamini ni sikio, wala hakuamini ni jino. Aliamini ni mkono. Upande wa kulia, ule ule wa magego ya mama mkwe. Marehemu amechoka na vichupa, sasa amemshika mtoto.

Alitoa miswaki yote iliyolowekwa, beseni zima, akaitia motoni. Haikuwaka vizuri, ilifuka moshi wenye harufu tamu mpaka ua wote ukawa na ukungu. Kisha akachuchumaa mbele ya rafu na kueleza kila kitu, siku alizoloweka, watu aliowauzia, lile jibu la mlangoni. Akaweka vichupa viwili badala ya kimoja.

"Nishike mimi," alisema. "Mtoto mwache. Nakuomba, mama, nishike mimi."

Alfajiri alisikia kutafuna, mara mbili, ya tatu haikufika. Palikuwa na mguno mrefu kuliko wa siku zote. Halafu karai likaanguka kwa kishindo, likazunguka kwenye saruji, likatulia. Baada yake kitu kikawa kinajikokota, polepole, kando ya ukuta. Mwanamke alikuwa macho. Aliuma shuka kwa meno yake mazuri na kukaa vile vile mpaka mwanga ulipoingia dirishani.

Kichupa kimoja kilikuwa kitupu. Cha pili kilikuwa kimelala ubavu, mafuta yamemwagika. Akaingia chumbani kwa Punje kumwamsha aende shule, akamkuta amekaa kitandani, mgongo ukutani, mate yanamchuruzika. Uvimbe ulikuwa umeshuka kutoka shavuni hadi shingoni. Kinywa hakikufunguka. Pumzi ilitoka kwa mluzi.

Njia yote ya kutoka nyumbani hadi sokoni, na zile hatua thelathini juu yake, alizipiga mbio, mtoto begani, nywele wazi. Alizunguka kwanza nyuma ya zahanati akitafuta mlango wa uani, akaukuta na kufuli, ikabidi arudi mbele. Watu wa kwenye benchi walimwona akienda na wakamwona akirudi. Alisubiri kicheko. Aliyekuwa mbele kabisa siku hiyo alikuwa yule mchukuzi, na yule mchukuzi akasimama, akafungua mlango kwa bega, akasema mama pita. Hakuna aliyecheka. Huko kutochekwa ndiko kulikomchoma.

Daktari wa meno alikuwa msichana mdogo kuliko alivyomdhania, na mikono yake haikuwa na haraka. Alilazimika kutumia kijiko cha chuma kukipanua kinywa cha Punje upana wa kidole. Alimulika, akamulika tena. Alieleza kwamba ni gego la chini, kulia, limeoza hadi mzizini, na si la jana wala juzi. Usaha umeshuka chini ya ulimi na shingoni, ukiendelea utaziba njia ya hewa. Anaita gari, mtoto apasuliwe leo katika hospitali kubwa. Kisha akauliza kitu ambacho mama hakukitarajia.

"Nani amekuwa akimpaka mafuta ya karafuu?"

"Hakuna, daktari."

"Mama, ufizi umebabuka, ni mweupe wote. Hayo ni mafuta makali, tena mengi, tena siku nyingi."

"Hakuna aliyempaka. Nakuapia."

Daktari alimtazama. Alimjua, nani asiyemjua, dirisha la chumba chake lilitazamana na kile kinywa ubaoni. Alisema karafuu haina ubaya, na ule mti hauna ubaya, hata yeye nyanya yake aliutumia mpaka anakufa. Mti huzuia. Jino likishatoboka, kazi ya mti imekwisha.

"Karafuu inalinyamazisha jino, mama, hailiponyi. Na jino likinyamaza linaoza bila kusumbua mtu."

Punje alipasuliwa mchana, katika hospitali hiyo kubwa. Jioni muuguzi alimwambia mama usaha umetolewa, gego limeng'olewa, sasa ni kuangalia pumzi mpaka asubuhi. Mtoto hataamka kabla ya hapo, na wodi hiyo haina mahali pa mzazi kulala, aende alete nguo.

Alikwenda. Fundi cherehani alikuwa amepiga simu kwa mume, naye alikuwa njiani. Nyumba ilikuwa kimya na inanukia. Kabla ya kukunja hata nguo moja, mwanamke alikata mswaki mbichi mtini, akauweka ndani ya kikombe cha kijani, akaweka kichupa kilichojaa na pamba. Usiku huo hakuomba msamaha. Aliomba mtoto tu.

Alfajiri alikaa dirishani akiwa amevaa kabisa, akisubiri kutafuna. Kwa mara ya kwanza alikuwa anaitaka sauti hiyo. Bomba lilidondosha tone. Ndege wakaanza. Tone jingine. Aliposhindwa kuvumilia alifungua mlango na kutoka, giza bado lipo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya asubuhi zote zile.

Mswaki ulikuwa mkavu. Nyuzi zake hazikufumuliwa, ganda lake halikuguswa. Mafuta yalikuwa shingoni pale pale alipoyaacha.

Miswaki yote iliyolowa haikumwogopesha kama huo mkavu. Alisimama akiutazama, na macho yalipozoea giza akaona vitu vilivyokuwa hapo siku zote. Kigoda kifupi cha Punje, cha kukalia akifua soksi, kimesogezwa hadi chini ya rafu. Karai, pale pale ambapo aliyeanguka kutoka kigodani angeliangukia. Na kwenye mfereji wa maji machafu, vipande vya pamba, vingi, vya siku nyingi, vyenye doa la njano na la damu. Juu ya saruji mafuta yaliyomwagika yalikuwa yamekauka na kuacha alama ya unyayo. Aliupima kwa kiganja chake. Kiganja kilizidi.

Alikaa juu ya kile kigoda. Siku saba alikuwa amemsikia mtoto wake akilia kwa maumivu, hatua nne kutoka kitandani, akaziba masikio.

Punje aliamka hospitalini saa tatu asubuhi. Shingo imefungwa, uso umepungua, lakini pumzi inakwenda bila mluzi. Baba yake alikuwa amefika, amekaa upande wa miguu, bado ana rangi ya bluu kwenye kucha. Daktari wa wodi alisema ataishi. Alilisema kama mtu anavyosema mvua imekata, akaenda kitanda kingine, na baba akainamisha uso kwenye godoro.

Mama alisogea karibu. Aliuliza swali ambalo kila mzazi angeuliza, na sauti ikamtoka ndogo.

"Kwa nini hukuniambia?"

Punje alizungumza kwa shida, maneno yanapita upande mmoja.

"Ulisema meno yangu hayaumwi. Uliwaambia watu wote."

"Na kikombe cha bibi?"

"Kile wewe hukigusi."

Baba aliinua uso, akamtazama mkewe. Mtoto alimeza mate, akakunja uso, akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa na kitu kama furaha.

"Lakini bibi alijua, mama. Nilitafuna tu kama alivyokuwa anatafuna, upande usiouma, na nyuzi nikazigeuzia ukutani kama yeye. Halafu asubuhi moja nikakuta ameniwekea mafuta. Na pamba. Kila siku ananiwekea. Nikiumwa sana anaongeza. Ile siku ya mwisho aliweka mbili."

Hapo ndipo mwanamke angeweza kunyamaza. Nani angemlaumu? Mtoto ana bibi anayempenda toka kaburini, si kitu kibaya mtoto kubaki nacho. Alishika ukingo wa kitanda.

"Punje. Si bibi. Mimi ndiye niliyekuwa naweka."

Mtoto alimtazama. Alikuwa analifikiria jambo hilo kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa utaratibu, kama watoto wanavyofanya.

"Kwa hiyo ulijua naumwa."

"Sikujua."

"Sasa ulikuwa unamwekea nani?"

Walirudi nyumbani baada ya siku tisa. Baba alipanda ngazi gengeni na, bila kuulizwa, akapaka rangi nyeusi gego moja la kulia kwenye ubao. Wateja wa zamani waliuliza, na Mama Miswaki aliwajibu. Aliwaambia mti huu kata leo, utumie leo na kesho, halafu utupe. Pipi zisimsogelee mtoto. Jino likitoboka usililete hapa, ng'ambo pale kuna daktari, anajua. Wengine walisema siku hizi amekuwa mpole mno, biashara itamshinda. Ni kweli biashara ilipungua. Fundi cherehani alisema afadhali, sasa angalau anaisikia mashine yake.

Kikombe cha kijani hawakukiondoa. Punje alikiomba, akapewa, kikawa chake.

Asubuhi moja, wiki ya tatu, jua halijachomoza, mwanamke alisikia kutafuna uani. Kra, kra, polepole. Moyo ulimpiga vile vile kama zamani, mwili haujui kusahau upesi, na mkono ukalivuta shuka wenyewe. Akaliacha. Akainuka, akachukua tochi, akatoka pekupeku. Mtoto alikuwa amesimama juu ya kigoda, mswaki mdomoni, akashtuka.

"Hapaumi, mama. Nasafisha tu."

Mwanamke aliweka mkono begani kwake. Kisha akazunguka, akaja akasimama mbele yake.

"Fungua kinywa, mwanangu," alisema, akawasha tochi, akachungulia ndani.